Rangi ya Picha ya Krismasi

Mzee aliyekuwa na studio pale Chepseon, yule aliyetoka upande wa Nyeri akazeekea kwetu, alifariki. Watoto wake walipokuwa wakifunga duka walinipigia simu nikachukue bahasha yenye jina la baba. Ndani mlikuwa na kipande cha negativu, filamu ile ya rangi ya chungwa ambayo meno huwa meusi na nywele nyeupe. Nilikiinua dirishani na, ndugu yangu, Krismasi yetu ikanijia hapo hapo: moshi wa kuni mbichi, chapati zikigeuzwa, na mafuta ambayo mama alitupaka mpaka tukang'aa.

Wewe uliyekulia huku unajua Desemba ya kwetu. Hata wiki ya sikukuu tulichuna majani ya chai kwanza, nguo zikilowa umande mpaka kiunoni, kisha tukabeba vikapu hadi kituoni kungoja lori. Mwaka huo baba alikuwa amejenga jikoni upya, mabati matupu juu na kando, na siku ya Krismasi mzee wa studio alipofika na baiskeli yake, baba alisema lazima tupigwe picha mbele ya mabati yake. Tukapangwa, shamba la chai likionekana kando. Katikati akawekwa kitinda mimba wetu, ndani ya gauni jekundu. Hakuwa na raha. Alikuwa amekataa chapati na soda yake ikabaki nusu, nasi tukasema ameshiba.

Mwaka Mpya ulipoingia, nyanya alipanda kutoka Fort Ternan. Alikuwa mama mzazi wa mama, tukimwita kogo, na kila alipokuja alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na ndizi zilizoiva barabarani. Siku hiyo alikiweka kibuyu chini, akamvuta mtoto mlangoni penye mwanga, akamfunua jicho. Akaenda kuchimba mizizi, akaichemsha, akamnywesha. Wiki hiyo hiyo mtoto akageuka manjano waziwazi, na kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali akatuacha.

Mama alisema ni ile mizizi. Alisema mbele ya majirani, kabla udongo wa kaburi haujakauka: "Macho ya mtoto wangu yalikuwa meupe mpaka mama yangu alipokuja." Kogo alijibu maneno mawili tu, na sijawahi kumsikia akiongeza la tatu. "Nilimkuta hivyo." Akachukua kibuyu chake, akateremka. Hakupanda tena kwetu. Alipofariki, mama alisikia akiwa katikati ya shamba la chai, akaendelea kuchuna, na hakuna kwetu aliyethubutu kuteremka kumzika bila yeye. Mimi nilimchukia mama siku hiyo, nakwambia ukweli, na bado nilikula chakula chake jioni.

Picha yenyewe ilitundikwa sebuleni. Jua na moshi viliila mpaka ikawa nyekundu yote, nyuso, chai na mabati, rangi moja. Mama alizidi kunisumbua nimtafutie nyingine, maana amezeeka na anataka kumwona mwanawe vizuri. Kwa hiyo nilifurahi kupata ile negativu.

Nilinunua skana. Kupindua rangi ni rahisi, kompyuta inafanya, lakini kinachotoka kwanza ni uchafu mtupu, na lazima uionyeshe kompyuta kitu kimoja pichani ambacho hakikuwa na rangi, ndipo ipange vingine vyote. Nilichagua kile nilichokipenda zaidi: weupe wa jicho la kitinda mimba. Nikabonyeza. Chai yote ikawa buluu. Udongo ukawa zambarau, na mimi mwenyewe nikawa kama maiti. Nilirudia jicho la pili, ikawa vilevile, nikaitukana skana na aliyeniuzia.

Kisha nikaona mabati. Mabati mapya hayana rangi, kila mtu anajua. Nikabonyeza hapo, na Desemba ikarudi nzima. Chai ilikuwa chai. Udongo wetu ulikuwa udongo wetu, gauni lilikuwa jekundu lile lile, na macho yangu na ya kaka yangu yalikuwa meupe. Ya kitinda mimba yalikuwa manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Kogo alikuwa bado hajakuja. Nililia kwa hasira, si huzuni.

Mama alivaa miwani, akaisogelea kompyuta. "Hii macho si yake," akasema. "Toa hiyo manjano."

"Nikitoa, mama, chai inakuwa buluu." Nikamwonyesha.

Aliangalia ile ya buluu, akarudi kwa ile nyingine. Aliangalia gauni ambalo alilishona mwenyewe. Mwisho akaweka kidole kwenye mabati. "Hii ni Krismasi," akasema. Nikamjibu ndiyo. Akavua miwani. "Chapisha hivyo hivyo."

Juzi aliniomba tuteremke Fort Ternan. Mjomba aliuza lile shamba la kogo zamani akahamia Chepilat, na tuliyemkuta hapo hakutujua. Nyumba ya kogo hakuna, migomba hakuna, kaburi hakuna anayelijua. Ni miwa, imeota mpaka ukingo wa barabara. Nilitafuta hata jiwe la mekoni ambapo alitupikia, sikuona.

Mama alitoa picha kwenye kikapu. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa chake cha kanisani, na mimi sikujua kwamba ameibeba. Aliifungua, akaielekeza kwenye miwa kwa mikono miwili, kama unavyomwonyesha mtu asiyeona vizuri. Hakukuwa na mtu wa kuonyeshwa.

"Ulimkuta hivyo," mama akasema.