Malisho Aliyoyachukua Bapu

Bapu Takhatsinh alimpokonya Jamnaben malisho ya nyati wake wa maziwa akayafanya uwanja wa kriketi, na alimpokonya akiwa kaka yake.

Ukaka wenyewe ulikuwa wa kura. Bapu alizaliwa ngomeni, akabebwa mpaka akaota ndevu. Serikali ilipowavua mabwana wa ngome nchi walizotawala, wenzake walikaa kulia. Yeye alifunga kilemba chekundu akagombea ubunge. Sikukuu ya Rakhi akaja kijijini, akanyoosha mkono wanawake wamfunge uzi wa udugu. Jamnaben, mjane asiye na ndugu, alikaza wake vifundo viwili.

"Haya dada, kaka yako akupe nini?"

"Malisho ya kando ya mto yasiguswe."

"Hayo tu? Hayaguswi."

Wanawake wakampa kura zote. Baridi ilipoingia, malisho yakazungushiwa seng'enge, nyasi zikanyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Katika kriketi Bapu hakutolewa hata siku moja, kwa kuwa mwamuzi alikuwa mpishi wake. Mpira ukiangusha vijiti, mpishi hutazama mawingu: "Upepo huo, Bapu."

Siku waziri alipokuja kucheza, Jamnaben alikata seng'enge akaingiza nyati wake. Mkubwa wao akalala mbele ya vijiti, akaanza kucheua.

"We mama, ondoa mizigo yako," mpishi akafoka.

"Mama yako yuko kwenu. Mimi ni dada wa Bapu. Wageni hamjawaambia?"

Bapu akaja na gongo lake la kriketi, akitabasamu kwa ajili ya waziri. "Dada, watoe. Tutaongea kesho."

"Kesho ya mbunge ina urefu gani, kaka?"

Waziri akacheka mpaka akashika tumbo. "Bapu, kweli ulimwahidi?"

Bapu akamtazama mpishi. Mpishi akatazama mawingu. Lakini Mrajput, mtu wa ukoo wa mabwana, hamkani hadharani dada aliyemfunga uzi.

"Nilimwahidi," akasema.

Uwanja mzima ukampigia makofi. Watu wakamsifu: muungwana huyo, mtu wa neno lake. Nyati wakavutwa nje kwa kubembelezwa na majani mabichi, mchezo ukaendelea, na jioni seng'enge ikashonwa palepale ilipokatwa.

Sifa za kukiri Bapu anazo mpaka leo. Jamnaben hana pa kuchungia. Nyati wake wamebaki mbavu. Anadai malisho yote, kutoka njia ya mikokoteni hadi majini. Hamdai mpishi, wala serikali. Anamdai Takhatsinh, kaka yake.