Turubai Halitaki Kidole

Shule sikukaa sana, kwa hiyo msiniulize kwa nini turubai likinyeshewa halivuji mpaka uliguse kwa ndani. Maji yamelijaa, unayaona, lakini yameshikana humo humo kwenye nyuzi, hayashuki. Gusa kwa kidole: pale pale patadondoka mpaka mvua iishe.

Hayo niliyajua nikiwa utingo wa lori la mkonge, miaka ya hamsini hiyo. Na turubai la lori ndilo nililoazima siku ya harusi yangu, maana nyumba ya mama pale Nguvumali ilikuwa imeezuliwa nusu, fundi wa makuti kaenda msibani kwao hajarudi. Fundi yule naye ana visa vyake, basi tu. Tukafunga turubai uani, chini yake tukaweka kitanda na godoro jipya la pamba alilolishona mama kwa mkono wake. Wakwe wakija hutazama godoro kwanza, wewe baadaye.

Mvua ikaja. Turubai likashika, tone halikuanguka. Nikafurahi, mjinga mimi.

Akaingia mjomba wa bibi harusi, kutoka Ushongo, mtu mrefu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hili halivuji?" Na kidole kishafika juu.

"Mjomba, tafadhali, lisiguswe..."

"Nalitazama tu, mwanangu." Akaligusa tena, mbele kidogo. "Mbona zima!"

Tone. Tone jingine. Mama akanitupia jicho. Ningesema nini? Mkwe huyo, na ndoa bado haijafungwa. Nikapanda kitandani, nikaburuta kidole kutoka pale alipogusa mpaka ukingoni, ili maji yafuate njia ile yamwagikie nje. Yakaanza kufuata, alhamdulillahi. Kumbe mjomba keshahamia upande wa pili.

"Na hapa je?"

Tulipolivuta godoro tulikuwa tumechelewa. Maji yaliingia pembeni tu, lakini pamba iliyanywa, unyevu ukatambaa taratibu mpaka katikati, nasi tunautazama. Mama akaketi kwenye mbuzi ya nazi, akalia kwa hasira, leso mdomoni.

Fungate nzima tulilala mkekani. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Aliyenilaumu ni mjomba, siku ile ile, pilau imemjaa mdomoni, mbele ya wazee wa pande zote mbili:

"Kijana nilimwonyesha mapema panapovuja. Hasikii."