Mwenye Tuba Haondoki

Lori lilikuwa limeingia kwenye ukungu, dereva akiendesha huku kichwa kimetoka dirishani. Melesio, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga ukweni, alikaa juu ya magunia ya mahindi pamoja na mkewe, Casilda. Walikuwa wanapanda Santa Rufina, milimani Oaxaca, kwa miezi mitatu tu, kumuuguza baba yake Casilda. Ili safari isiwe ndefu, Melesio akamsimulia abiria mwenzake kwamba ujanani alipuliza klarineti.

Mdomo wake mwenyewe ndio uliomtia matatani. Jumapili iliyofuata, mkutano wa kijiji ulimteua kuwa mpulizaji ajaye wa tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi.

"Jamani, mimi mgeni," alisema.

"Mgeni gani ana mke hapa, ana jiko, na kila asubuhi anafuta sahani ya tamale zetu?" mwanamke mmoja akamjibu, watu wakaangua kicheko. "Shemeji ana kifua. Apewe!"

Santa Rufina kila mtu hukitumikia kijiji: huyu ulinzi, yule maji, mwingine bendi. Zamu ya tuba ni miaka mitatu, na mwenye nalo haliachi wala haondoki kijijini mpaka apatikane wa kulipokea, anayezisoma noti zake za muziki bila kubabaika. Wakati ule lilikuwa kwa Eustolia, mwoka mikate. Miaka yake mitatu ilikuwa imegeuka saba, kwa kuwa warithi wawili walikimbilia kaskazini kabla ya mtihani. Dada yake alikuwa amemwekea cherehani kwenye karakana ya kushona huko Puebla. Angemngojea hadi mwisho wa Novemba, basi.

"Shemeji, nitazame usoni," Eustolia alimwambia siku ya kwanza. "Mimi sikufundishi muziki. Natafuta mlango wa kutokea."

Walisomea uani, kando ya tanuri. Eustolia alichora mistari mitano ukutani kwa mkaa, na alama mwanzoni mwake.

"Alama hii ni ufunguo wa besi, una nukta mbili. Mstari unaopita katikati yake ni fa. Ukiishika fa, nyingine ni ngazi tu, panda na kushuka."

Lakini macho ya Melesio yalikuwa yamezoea ufunguo wa klarineti, ambako mstari huohuo ni re. Kila fa akaiita re.

"Re tena! Hiyo re uliileta na mahari?"

Wiki ya pili, akipasua kuni, zile nukta mbili zilimkaa kichwani. Jioni alitazama ukuta akaona fa, bila kuhesabu. Hakumwambia mtu, hata Casilda. Siku atakaposoma sawasawa, miezi mitatu itakuwa miaka. Kwa hiyo akaendelea kusema re, na Eustolia akaendelea kufuta na kuchora upya. Melesio alimwona akiikunja na kuikunjua barua ya dada yake hadi ikachanika kwenye mkunjo. Bado akasema re.

Siku tatu kabla ya mtihani, kwenye mazoezi ya bendi, Melesio alikaa ubavuni pa Eustolia, karatasi ya noti magotini. Palipoandikwa fa, Eustolia akapuliza re. Ilipatana vizuri na vyombo vingine. Hakuna sikio lililoshtuka. Kichwa cha Melesio ndicho kilichoinuka.

Eustolia alishusha tuba polepole. "Hata mwalimu wa bendi hakugundua. Wewe umeona nini?"

Melesio akaigeuza karatasi, maandishi chini.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Wiki tisa," Eustolia alisema. "Wiki tisa nakuchagulia mikate mikubwa." Akapangusa mdomo wa tuba kwa kiganja. "Ukitaka kufeli, feli. Sitasema. Nitabaki hapa, na kila asubuhi utakuja kununua mkate kwangu."

Siku ya mtihani, Crisóforo, mwalimu wa bendi, aliweka kijiti kwenye mstari uliopita katikati ya nukta mbili. Melesio alikitazama, kisha akakitazama kitambaa kilichochakaa begani mwa Eustolia.

"Fa," alisema.

Asubuhi ya pili bendi ilimsindikiza Eustolia hadi kwenye lori, maana anayetumikia huagwa kwa muziki. Kabla ya kupanda alivua kitambaa chake cha begani, kile kilichochakaa upande mmoja.

"Weka hapa begani, shemeji. Tuba linakata nyama."

Akapanda juu ya magunia, akageuza uso kuelekea bondeni. Lori likamezwa na ukungu kabla wimbo haujafika nusu.

"Msiache, msiache!" Crisóforo akapaza sauti. "Shemeji, fa umeichelewesha!"

Melesio akavuta pumzi. Barabarani walikuwa wamesimama abiria wawili walioshuka kutoka kwenye lori hilo, na alijikuta akimtazama yule mwanamume mnene, akimpima kifua.