Mke wa Babu

Nilikuwa hodari wa masomo, tena najijua, ndiyo maana niliumbuka vibaya.

Ilikuwa miaka ya hamsini na nilikuwa natafuta nafasi ya kuendelea na shule. Mtihani ulikuwa na maswali ya kulinganisha maneno, na babu alinizoeza barazani kwetu Malindi, mjini Unguja, huku akidarizi kofia.

"Birika kwa chai, mke wangu. Chungu kwa nini?"

"Kwa mchuzi."

Bibi naye humkatiza: "Mwache mke mwenzangu anywe chai." Ndivyo babu na bibi walivyotaniana na mjukuu, Unguja nzima.

Siku ya mtihani wa mdomo nilikaa mbele ya mwalimu wa kike wa mjini na bibi mmoja wa Kizungu. Mwalimu akauliza: "Mama kwa baba. Nani kwa babu?"

"Mimi," nikajibu haraka.

"Wewe?"

"Naam. Mke wake ni mimi."

Mwalimu alicheka mpaka machozi. Mzungu hakucheka. Aliniuliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kusitasita, nimeolewa lini. Msichana aliyeolewa hakuchukuliwa, na mimi nililijua hilo. Mwalimu alimweleza kwa Kiingereza kwamba ni utani tu, lakini yule Mzungu aliendelea kunitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kicheko.

Babu alikuwa ananisubiri nje. "Ushamaliza, mke wangu?"

Mlango ulikuwa wazi na Mzungu alikuwa anatusikia. "Usiniite hivyo tena, babu," nikasema kwa sauti, makusudi asikie.

Babu alivua kofia, akaivaa tena. "Haya, mjukuu wangu."

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Nafasi niliipata. Babu alininunulia halua, akanipa mkono: "Hongera, mjukuu wangu." Nikamwambia ahsante. Nilitaka kumwomba anirudishie jina langu, nikaona haya. Mwaka uliofuata pia niliona haya, maana kila nikikaa naye barazani ile siku ilikuwa imekaa baina yetu.

Alipofariki, wanaume walipokwisha toka na jeneza, nilibaki nimesimama ukumbini sijui pa kuuweka uso wangu. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunika nguo nyeupe. Akanisogezea nafasi ubavuni mwake.

"Njoo, mke mwenzangu," akasema. "Njoo tukae eda."