Kinyumenyume Mpaka Mwanga

Mpaka leo nikipita sokoni Mwanga, hapa Kigoma, yuko fundi cherehani mmoja ambaye, kabla ya kunipa mkono, hurudi nyuma hatua tatu bila kugeuka, polepole, shingo ameipinda kutazama anakokwenda, halafu ndipo husema, "Habari za siku, Mwalimu." Waliopo hucheka, mimi nami hucheka (nisipocheka atarudia), na mgeni akiuliza kulikoni husimuliwa, na kila anayesimulia huongeza lake. Leo naomba nisimulie mwenyewe, maana aibu hii ni yangu, na ukweli wake ni mbaya kuliko wanavyojua.

Mwaka ule nilikuwa kijana, mwalimu wa hesabu niliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, nimepanga vyumba viwili mtaa wa Katubuka, na duniani nilikuwa na mambo mawili tu ya kujivunia: gari dogo la milango miwili, na mapenzi yangu kwa Zaituni, binti wa Mzee Kalenga wa Mwanga. Gari nilikuwa nimelipata kwa mpima ardhi aliyehamishwa. Zaituni nilikuwa bado sijampata. Posa yangu ilipelekwa, wazee wakaisikiliza, Mzee Kalenga akasema yeye hana neno, ila kwao, tangu babu zao wavuke ziwa kutoka Kongo, jibu la posa halitolewi mpaka mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo aketi ndani ya chumba na kulitamka kwa kinywa chake. Huyo alikuwa Bibi Tausi, mama yake Mzee Kalenga, aliyekaa Ujiji, miguu mibovu, ulimi mzima.

Nikajitolea kwenda kumleta. Gari langu, ambalo wanafunzi waliliita Dagaa, lilimchukua vizuri kutoka mlangoni kwake, likaenda likiimba mpaka kwenye mwinuko wa kuelekea Mwanga, na katikati ya mwinuko likaishiwa pumzi likasimama. Nikashuka nikasukuma. Wakaja wapita njia watatu wakasukuma nami, na Bibi ndani, ameketi wima kama mzigo wenye hasira. Hatukufika mbali. Aligonga kioo kwa fimbo yake, akashuka, akamwita muuza samaki wa migebuka mwenye baiskeli ampakie nyuma amrudishe kwake Ujiji, na kabla hajaondoka akaniambia, bila kupandisha sauti, "Mjukuu wangu haolewi na mtu wa kusukumwa."

Mzee Kalenga akaniombea nafasi ya pili, Jumapili ya wiki mbili mbele, kisha akanivuta pembeni. "Mwalimu, iko posa nyingine, ya Tabora. Wale watu wanashuka na treni Jumatatu. Mama akiketi kwangu Jumapili nitakuwa na neno la kuwaambia. Asipoketi, sina." Na siku zile mafuta yalikuwa haba nchini, Jumapili gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, kwa hiyo neno la maisha yangu lilikuwa na saa yake.

(Mtaniuliza kwa nini nisiazime gari la mtu. Zaituni naye aliniuliza. Nikamwambia Bibi amelidharau gari hili, na ni gari hili litakalompandisha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.)

Hapo ndipo akaingia Rama, rafiki yangu, fundi wa mashine za boti, mtu mwenye mikono ya dhahabu na kumbukumbu ya kuku. Akasema Dagaa hana ugonjwa ila moyo mdogo, na moyo mkubwa ulikuwepo ufukweni Kibirizi, ndani ya boti la zamani lililooza mbao lakini mashine yake ya petroli ikiwa nzima. "Lakini hiyo ni ya boti," nikasema. "Mashine ni mashine," akasema Rama, "haijui kama iko majini au barabarani." Nilipenda maneno yale. Nilipenda kufikiri kwamba Dagaa wangu atapewa moyo uliowahi kupigana na mawimbi.

Siku kumi uani kwangu hapakuwa na nafasi ya kuanika nguo. Tulijenga miguu mitatu ya magogo, tukaifunga kwa kamba za nyavu, na wavuvi sita marafiki wa Rama wakaja kuvuta, wakiimba ule wimbo wao wa kuvutia nyavu, mashine ikapanda hewani ikizunguka taratibu na kudondosha maji ya ziwa, ikashuka ndani ya Dagaa kama mtu mnene anayeingia kwenye suruali ya mdogo wake. Boneti haikufunga, tukaifunga kwa kamba. Pua ya gari ikainama, likawa kama linanusa kitu kilichodondoka. Rama akaunganisha mashine na giaboksi ile ile ya zamani kwa chuma alichokikata mwenyewe, akapangusa mikono, na Jumamosi alasiri tukaliwasha.

Nyie, lilinguruma. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni na mwiko. Mimi nikaketi, nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia kwa adabu zote, na gari likarudi nyuma likaingia katika banda la kuku.

"Umeweka rivasi," akasema Rama.

"Nimeweka ya kwanza."

Akaingia yeye. Akaweka ya kwanza, gari likarudi nyuma. Ya pili, likarudi nyuma kwa haraka zaidi, na hapo hapakuwa tena na banda. Akaweka rivasi, na Dagaa akaenda mbele, polepole, akilia kama mbu. Rama akazima mashine, akaweka mikono juu ya usukani, nikamwona akikumbuka.

"Lile boti," akasema, "lilikuwa na mashine mbili. Moja huzungusha propela yake kulia, nyingine kushoto, ili boti lisivute upande mmoja. Hii itakuwa ile ya kushoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele."

Kuing'oa na kuirudisha ile ndogo ni kazi ya siku tatu. Ilikuwa Jumamosi, jua limeshainama. Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe, uamuzi mdogo tu, hata haukuchukua dakika: Rama alisema, "Moja ya mbele inatosha. Unakwenda kuchukua mtu, huendi mashindanoni," na mimi, badala ya kwenda kwa Mzee Kalenga kusema ukweli, nikasema, "Inatosha." Jioni hiyo nilipita kwao. Zaituni akaniuliza gari limekuwaje. Nikamwambia limekuwa simba.

Jumapili nilivaa kanzu nyeupe. Nikatoka mapema, nikaenda Ujiji kwa ile gia ya kurudi nyuma iliyogeuka kuwa ya mbele, mwendo wa mtu anayetembea akiwaza, na baiskeli zikinipita. Nilifika. Bibi Tausi alikuwa tayari, kanga mpya, mtandio, na kidumu cha mawese cha kumpelekea mkwewe. Nikamwamkia, akaitika, akalitazama gari. "Limeota kifua," akasema, akapanda nyuma, akaketi katikati ya kiti, kidumu mapajani.

Tulipofika mwinukoni ilikuwa saa saba na robo. Nilikanyaga mafuta, moyo wa boti ukanguruma, Dagaa akapanda bila kusitasita, tukapita pale tulipokwama mara ya kwanza, nami nikamwona Bibi katika kioo akitikisa kichwa kidogo, kichwa cha kukubali, na nikafurahi nikakanyaga zaidi. Nilichokuwa sijafikiri (mimi mwalimu wa hesabu) ni kwamba gia ya rivasi ni gia ya kutokea uani, meno yake hayakutengenezwa kubeba mashine ya namna ile mlimani. Ilisikika *kaa*, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Mashine ikaendelea kunguruma, gari likaanza kuteremka kurudi Ujiji.

Nikashika breki. Tukasimama. Jasho likaniingia machoni. Niliijaribu gia ile tena, ikasaga tu. Chini yetu ziwa lilikuwa limetulia, bluu tupu mpaka milima ya Kongo, halikuwa na haraka na mtu. Nikageuka kumtazama Bibi, nikaona hakuna njia nyingine ila kusema.

"Bibi, gari hili haliwezi tena kwenda mbele."

"Linaweza nini?"

"Kurudi nyuma."

Akautazama mlima uliobaki. "Mlima linapanda?"

"Kinyumenyume, linapanda."

"Basi geuza, baba. Saa zinakwenda."

Niliachia gari lirudi nyuma mpaka kwenye njia ya shamba pembeni, nikakata usukani, kisha nikaliacha literemke lenyewe kwa pua, mteremko ukanikopesha gia ya mbele niliyoipoteza, mpaka mgongo wa Dagaa ukaelekea Mwanga. Katika kule kupinda, kifuniko cha kidumu kikaruka, na mawese yakanimwagikia begani na kifuani. Nikaweka gia ya kwanza. Nikageuza shingo. Tukaanza kupanda.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Kioo cha nyuma kilikuwa kidogo, na katikati yake alikuwepo Bibi Tausi. Ili nione barabara ilinibidi nimtazame yeye, uso kwa uso, shubiri mbili, njia nzima.

"Mbona unanikodolea macho?"

"Natazama barabara, Bibi."

"Barabara iko nyuma yangu." Akageuka akatazama, akarudi kwangu. "Kulia. Kuna mbuzi."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Wewe kata, nitakwambia kama umekosea."

Nikakata. Mbuzi alipita dirishani akiwa mzima. Bibi akaniambia kushoto, nikaenda kushoto. Akaniambia polepole, kuna mwenye baiskeli, nikaenda polepole. Kati ya amri na amri aliniuliza.

"Jana ulijua liko hivi?"

Jaribuni nyie kusema uongo namna ile, uso wa mtu mzima umejaa macho yenu yote na mkiangalia pembeni mnaua mtu. "Nilijua."

"Mwanangu anajua?"

"Hajui."

"Zaituni?"

"Nilimwambia limekuwa simba."

"Kushoto kidogo. Gari lisingevunjika, ungetuambia lini?"

Shingo iliniuma mpaka kwenye meno. "Nisingesema, Bibi."

Heri angenitukana. Aligeuka akatazama njia, akanionyesha kwa kidole niende kulia, na ukimya ule tukaupandisha mlima wote, nami nikijua kwamba yule ndiye mwenye neno, na kwamba ninamchukua kwa mikono yangu mwenyewe kwenda kunikataa.

Sokoni Mwanga wakatuona. Kwanza waliona mgongo wa gari ukija, wakapisha wakidhani linaegeshwa, likapita, likaendelea kupita. Halafu wakaona pua iliyofungwa kamba, kisha mimi, kanzu imelowa wekundu. Mama mmoja akashika kichwa akasema Mwalimu amechinjwa. Mwingine akasema siyo, yeye ndiye amechinja, tazama anavyomkimbiza mzee wa watu. Mafundi cherehani wakasimama wote barazani, pedali zikanyamaza. Askari akaingia njiani akainua mkono, nikashika breki.

"Mwalimu. Kwa nini unarudi nyuma?"

"Sirudi, afande. Nakwenda."

Akainama akatazama ndani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Saa ngapi, baba?"

"Saa nane kasoro dakika kumi."

"Basi tupishe. Hili likizima haliendi tena, na mimi sipandi baiskeli mara ya pili."

Askari akatupisha, na (hili ndilo wasilolisahau) akatembea mbele yetu, yaani nyuma yetu, akifukuza watu njiani mpaka kona ya kwa Mzee Kalenga, soko zima likifuata.

Kutoka kona ile ni mteremko. Moyo ulikuwa wa boti, lakini breki zilikuwa zile zile za Dagaa. Chini, mbele ya nyumba, walikuwa wametundika turubai, wazee wameketi kwenye mikeka, na Zaituni amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Simama," akasema Bibi. Nilikuwa nimeshakanyaga mpaka mwisho. "Simama, baba," akasema tena, taratibu, na nguzo ya turubai ikaegemea kioo cha nyuma, ikafikiri kidogo, ikalala. Turubai likawashukia wazee wote kama wavu. Likabaki likifurukuta, na ndani yake sauti ya Mzee Kalenga ikiuliza nani amefika.

"Ni mimi," akasema Bibi Tausi. "Nifungulieni."

Hakuna aliyeumia. Wazee walitoka mmoja mmoja wakishika kofia zao. Mimi nilibaki ndani ya gari na mawese yangu. Bibi akashikwa mkono na Zaituni, akaingia chumbani, akaketi, wazee wakamfuata, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo mimi na soko zima tulisikia.

"Mmeniita niseme," alisema. "Watu huwapima wachumba kwa ukoo na kwa kazi. Mimi huyu nimemtazama usoni kutoka mlimani mpaka hapa, na hakuwa na pa kuangalia pengine. Alitudanganya. Alimwambia Zaituni gari ni simba. Leo nimemuuliza, amesema kweli yote, hata ile iliyomharibia." Fimbo yake ikagonga sakafu. "Zaituni, wewe, huyu unamtaka?"

Sikusikia jibu la Zaituni, alisema kwa sauti ndogo. Nilimsikia Bibi. "Basi nimekubali. Lakini gari litakaa hapa hapa lilipo mpaka hiyo mashine itoke, na yeye atarudi Katubuka kwa miguu, kwa njia ya sokoni, na kanzu hiyo hiyo."

Nikarudi. Huo ndio mwendo mrefu kuliko yote niliyowahi kwenda, na nilikwenda kwa mbele.

Mashine ile ilirejea ziwani. Wavuvi waliifunga kwenye boti lao, na huko inazunguka kushoto kwake bila kumwaibisha mtu. Dagaa alirudishiwa moyo wake mdogo, na milimani tunasukuma. Nimeapa sitabadilisha hata taa ya gari bila kumwambia mke wangu kwanza, na nimeshika. Lakini kwa Bibi Tausi kiapo hakikutosha. Kila nilipokwenda kumchukua Ujiji aliketi nyuma, katikati ya kiti, na hakuniruhusu kuwasha. Ilinibidi kwanza nigeuze shingo, nimtazame usoni, nimtajie kila kilicho kibovu siku hiyo, breki, tairi, na mengine yasiyo ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kidogo kuona kama kuna kilichobaki, kisha akasema, "Haya, baba. Sasa geuka mbele."