Meno ya Mama na Mluzi Wangu

Fizi za mama zilikuwa zimeoza. Asubuhi alitema damu kabla ya mate, na ukibonyeza kidogo, usaha huo. Nilimwambia mdomo wake unanuka kama ngozi ya mbuzi iliyonyeshewa. Akacheka, mkono mdomoni. Mimi ndiye mwanawe wa vichekesho, bwana. Shuleni mwalimu ameshachoka kunichapa.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu, alikuwa na bomba moja la sindano lenye ncha butu. Aliipenyeza kati ya jino na ufizi, akasukuma maji ya dawa ya zambarau hadi uchafu ukatoka huko chini.

"Kusukutua tu hakufiki huku," alisema. "Kila Ijumaa, mama. Ukikatiza, meno yatalegea."

Baada ya Ijumaa tatu damu ilipungua.

Ila Babu, mzaa baba, naye alioshwa kidonda cha mguu Ijumaa hizohizo. Kwetu Ileje mke haonani na baba mkwe, hata kama wote wanasali kanisa moja. Basi mama alijibanza migombani, nami nikawa mlinzi wake. Mluzi mmoja, njia nyeupe. Miwili, kimbia.

Ijumaa ya nne Babu alibaki nyumbani. Mama alikaa kitini, mdomo wazi, bomba limejaa. Nikapiga miwili.

Lo! Aliruka nje kwa dirisha, kaniki ikararuka kwenye komeo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamfuata mbio.

"Mama, rudi! Nilikutania. Babu hayupo!"

"Nirudi nikakutane naye mlangoni? Leo siamini mluzi wako wala mdomo wako."

Hakurudi. Mchana ule dresa alipanda baiskeli kwenda kuhudumia vijiji vya ng'ambo ya mto, na bomba lake mfukoni. Alirejea baada ya miezi, ulezi umeshavunwa. Fizi za mama zilikuwa zimevimba, meno ya mbele yanacheza kama vigingi kwenye tope. Dresa alimng'oa sita kwa vidole, koleo hakuligusa.

"Ulikatiza, mama," alisema.

Mama alinitazama, hakunitaja.

Siku hizi mahindi ya kuchoma namtwangia kwenye kinu. Sijampigia mluzi tena. Ila mbuzi wakipotea na mtu yeyote akiwaita kwa miluzi miwili huko bondeni, mama huacha anachokifanya, akatazama dirisha.