Mpangaji wa Msajili

Dada Marcelina alikuwa Mtanzania wa mwisho mjini London kuliamini Azimio la Arusha, na aliliamini huku akimlisha uji mwenye majumba. Nilimtania sana kwa hilo. Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ya wazee ya Bwana Vijay kule Harrow, yeye mtunza wazee, na chumba tulipanga pamoja. Asingeweza kunikimbia.

Kwao ni Masasi. Ujanani alifundisha siasa katika shule moja ya sekondari Dar es Salaam, enzi zile somo la siasa lilipoogopwa kuliko hesabu. Aliwaambia wanafunzi kwamba mwenye majumba ni kupe, hafanyi kazi, ananyonya jasho la mwenzake, na dawa yake ni kukatiwa mirija. Jumamosi aliwapitisha hao hao mitaani kuchangisha nguo za wapigania uhuru wa Msumbiji. Kwake mambo hayo yalikuwa kitu kimoja: Mreno ang'oke kule, kupe ang'oke hapa. Bendera bila uchumi, alikuwa akisema, ni kitambaa tu. Alikuwa akiniambia hivyo nikimenya viazi, kana kwamba viazi navyo vinapaswa kuelewa.

Mwaka 1971 serikali ikataifisha majumba ya kupangisha. Wenye majumba wengi mjini walikuwa Wahindi, na wengi wao wakafunga mizigo wakaenda zao. Kuanzia hapo mwenye nyumba wa mji mzima akawa Msajili wa Majumba, yaani ofisi ya serikali. Baada ya miaka michache Msajili akampa Marcelina na mumewe Godson, karani wa shirika la umma, fleti ya ghorofa ya pili katikati ya mji. Walikuwa wametoka Buguruni, watu sita chumba kimoja. Marcelina hakuwahi kuishi na bomba ndani ya nyumba. Siku ya kwanza alilifungua na kulifunga, akalifungua tena na kulifunga, mpaka Godson akamwomba aliache lisije likaharibika.

Yaliyofuata kila Mtanzania anayajua. Mashirika yakauzwa, Godson akapunguzwa kazini, akaugua, akafariki. Kodi ikapanda mpaka mjane hakuiweza. Marcelina naye akatolewa kwenye fleti ile ile kama wenyewe wa kwanza, ila safari hii na soko huria. Bwana Vijay alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza Kiswahili na baba yake, mtu akamtaja Marcelina, akaombewa kibali cha kazi, akaja.

Baba huyo ni Mzee Hirji. Akili yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Kiingereza kilitangulia kuondoka, kikabaki Kigujarati na Kiswahili cha dukani. Alikuwa akiamka anaulizia wapangaji wake. Marcelina alimfuata huko huko alikokuwa, ndivyo kazi yetu inavyofanywa: mgonjwa wa aina hiyo humbishii. Akisema yuko Dar, mko Dar. Akisema ni mwaka 1960, unamuuliza habari za uhuru kama zimefika.

Siku moja Mzee akamweleza jengo lake, lile lililochongwa jina la baba yake juu ya mlango mkubwa, na ngazi za kuzunguka, na bembea ya mbao sebuleni. Marcelina akaja jikoni mbio.

"Nancy, ni lile," akasema. "Kulabu za bembea nimezikuta darini mwenyewe. Mimi nimekaa chumbani kwake, mdogo wangu."

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Ulikuwa mwaka 2003, na Marcelina alikuwa ametimiza muda wa kuomba ukaazi wa kudumu. Maombi yalikuwa tayari kwenda Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, yamebaki sahihi ya mwajiri tu, Bwana Vijay, kuthibitisha kwamba bado anamhitaji. Asiposaini, ni kurudi. Arudi wapi? Masasi hakuna aliyebaki wa kumpokea, na Dar hakuwa na hata kona ya kuegesha sanduku.

Na Bwana Vijay tulimjua. Kila baba yake alipolilia nyumba, alisema, "Walituibia mchana kweupe, na wakatuimbia nyimbo." Marcelina alikuwa anainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Nyamaza mpaka asaini," nikamwambia. "Azimio lenyewe chama kililizika Zanzibar zamani kwa azimio jingine, wewe unataka kulifia Harrow?"

Alinyamaza. Lakini kunyamaza kulimkondesha. Mlango ukigongwa anashtuka, Vijay akimwita anauliza kwanza nimekosa nini. Mimi nami usingizi ukanipaa, maana kodi ya chumba tulikuwa tunalipa wawili.

Alasiri moja mvua ilinyesha na upepo wake, na Mzee Hirji akaingiwa na hofu. "Dirisha! Ile ya uani! Maji naingia, mama, vitambaa vyote taloa!" Akataka kujitupa chini kutoka kitandani. Marcelina akamshika mabega, akamwambia kwa upole:

"Nimeshafunga, Mzee. Nimeweka na kijiti chini. Si unajua lile halikai bila kijiti?"

Mzee akatulia palepale. Marcelina alipogeuka akamkuta Vijay mlangoni na kikombe cha dawa.

Akampa baba yake dawa, akamwashiria Marcelina amfuate. Wakaja jikoni nilikokuwa, Vijay akafunga mlango, tukawa watatu.

"Komeo la dirisha lile nililivunja mimi, kwa mpira wa kriketi," akasema. "Nilikuwa mtoto. Nobody knew about the stick, hakuna aliyejua kile kijiti ila watu wa nyumbani kwetu. Mama Marcelina, ulikaa nyumba yetu?"

Nilimkanyaga Marcelina mguu. Hakujali.

"Nilipewa na Msajili. Nililipa kodi kila mwezi."

"Ulimlipa mwizi."

"Niliilipa serikali yangu, Bwana Vijay."

"Baba yangu alianza kwa kushona vifungo kwenye baraza ya mtu. Nyumba ile hakupewa na Mwingereza."

"Mwingereza alimpa leseni ya duka," Marcelina akasema. "Babu yangu yeye alipewa kodi ya kichwa."

Mungu wangu, nilitamani sakafu inimeze. Miezi yote ile ya kunyamaza, na mwalimu wa siasa akaamua kuamka dakika ile! Vijay akawa mwekundu. Alisema kwa sauti ya juu, na Marcelina naye akapandisha, mmoja anataja jasho la baba yake, mwingine jasho la watu waliolipa kodi mpaka ghorofa zikafika nne. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake na hakuna aliyekuwa tayari kuuweka chini.

Mwishowe Vijay akasema taratibu, na sauti ile ya chini ilinitisha kuliko kelele: "Nenda kwa baba. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ilikuwa wizi. Halafu nitasaini karatasi zako. Usipomwambia, siwezi kusema kwamba nakuhitaji."

Marcelina alinitazama. Nadhani uso wangu ulimwambia sema tu, dada, neno halivunji mfupa. Akafuta mikono kwenye aproni, akatoka, Vijay nyuma yake, na mimi nyuma yao maana nisingeweza kubaki.

Mzee Hirji alikuwa amesikia zile kelele. Alikuwa amekaa wima kitandani, blanketi amelivuta mpaka kidevuni. Alipomwona Vijay akamshika mkono kwa nguvu.

"Vijay, sema pole pole," akanong'ona kwa Kiswahili. "Huyu mama ya Msajili. Wewe nakasirisha yeye, yeye natoa sisi nje. Mama yako nalala wapi?"

Nilikuja kuelewa baadaye. Kabla hawajasafiri, Mzee Hirji alibaki kwenye jumba lake mwenyewe kama mpangaji wa Msajili, na kila mtu wa ofisi alipopanda ngazi, mzee alikuwa anaingoja amri ya kutoka. Vijay alikuwa mdogo, hakuambiwa. Alisimama pale akimwangalia baba yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona akimwogopa mtu.

Mzee akamgeukia Marcelina, akaunganisha viganja. "Mama, sisi nalipa. Usitutoe."

Marcelina akapiga magoti kando ya kitanda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akaishusha mikono ya mzee, akaishika.

"Hakuna wa kukutoa, Mzee," akasema. "Lala. Nyumba ni yako."

"Kweli, mama?"

"Kweli. Nyumba ni yako."

Mzee akalala. Vijay akatoka bila kutuangalia. Kesho yake asubuhi karatasi zilikuwa juu ya meza ya jikoni, zimesainiwa zote, hata pale palipotaka maelezo alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba bila mfanyakazi huyu baba yake hawezi kuishi.

Nilipiga kigelegele. Nikamkumbatia Marcelina, nikamzungusha katikati ya masufuria, nikamwambia Croydon wanangoja. Yeye alisimama kama mtu aliyepewa pole badala ya hongera. Aliketi, akazishika zile karatasi bila kuzisoma.

"Nancy," akaniuliza, "jana nilisema vile ili alale, au ili nisainiwe?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta bahasha.